Jibu: curl mpya, libcurl ya zamani

Ndugu, umeuliza kwa nini curl (programu ya kuhamisha data kwa URL) uliyoikompaili mwenyewe bado inaonyesha libcurl, yaani maktaba yake, ya zamani. Kukompaili hujakosea. Kama `curl --version` inataja curl 8 na libcurl 7 kwa pamoja, programu mpya inapakia maktaba ya zamani ya mfumo. Hakikisha kwa ldd, amri inayoonyesha maktaba ambazo programu inapakia:

`ldd /usr/local/bin/curl | grep libcurl`

Ikitokea /lib/x86_64-linux-gnu au /usr/lib/x86_64-linux-gnu badala ya /usr/local/lib, mchawi umemkamata. Kwenye Debian na Ubuntu mara nyingi `sudo ldconfig` inatosha, maana /usr/local/lib tayari imo kwenye orodha ya folda ambamo mfumo hutafuta maktaba. Wengi tunasahau kuihuisha kashe ya maktaba (ndiyo kazi ya ldconfig) baada ya `make install`. Kwenye Fedora haimo, iongeze mwenyewe ndani ya /etc/ld.so.conf.d kisha urudie ldconfig.

LD_LIBRARY_PATH, kigeu kinachoilazimisha programu itafute maktaba kwanza kwenye folda unazotaja, itumie kwa majaribio tu. Mimi niliisahau ndani ya .bashrc (faili la mipangilio ya terminal), git, ambayo nayo hutumia libcurl, ikanigomea wiki nzima.