Kabla ya Kununua Sinthesaiza ya Analogi, Hesabu Njia Zake

Katika mwaka wangu wa tatu wa kupiga kinanda kwenye bendi hapa Dar es Salaam, nilinunua sinthesaiza (kinanda kinachounda sauti kwa saketi za umeme) ya Kijapani ya miaka ya 1980 iliyoingia nchini pamoja na vyombo vingine vya mtumba. Muuzaji wa Kariakoo aliibonyeza noti moja moja mbele yangu, zote zikalia vizuri, nami nikalipa. Jioni ile ile kwenye mazoezi, kila nilipopiga mfululizo wa kodi, yaani noti kadhaa kwa pamoja, noti moja ilikuwa ikipotea, na cha kushangaza ni kwamba haikuwa noti ile ile kila mara. Nilidhani ufunguo umechakaa, lakini fundi aliyeifungua alinionyesha kwamba funguo zote zilikuwa nzima. Kilichokufa kilikuwa njia moja ya sauti kati ya sita. Kama ningekuwa nimejua historia ya vyombo hivi, ningeligundua tatizo hilo dukani kwa muda usiozidi dakika mbili.

Katika sinthesaiza ya analogi, noti haitoki kwenye ufunguo. Inatoka kwenye mnyororo wa saketi: osileta inayozalisha mtetemo, kichujio kinachopunguza ukali wake, kikuza sauti, na saketi inayoamua sauti ipande na kufifia kwa kasi gani. Mnyororo huo mzima ndio ninaouita njia. Minimoog, iliyotoka mwaka 1970, ilikuwa na njia moja tu, kwa hiyo hata ukilaza mkono mzima juu ya funguo zake ingelia noti moja. Anayetaka kushika noti sita kwa pamoja anahitaji minyororo sita kamili, na gharama ya minyororo hiyo ndiyo iliyoendesha karibu historia yote ya sinthesaiza za kodi.

Wa kwanza waliikwepa gharama hiyo kwa mbinu ya vinanda vya ogani. Novachord ya kampuni ya Hammond, iliyoanza kuuzwa mwaka 1939, ilikuwa na funguo 72 na vali 163, mirija ya kielektroniki iliyotumika kabla ya transista. Osileta 12 zilizalisha noti za oktava ya juu kabisa, kisha saketi nyingine ziligawanya mitetemo hiyo kwa mbili, tena kwa mbili, hadi kufikia noti za chini. Polymoog ya mwaka 1975 ilifuata wazo hilo hilo la kugawanya, huku kila ufunguo kati ya 71 ukipewa chipu yake. Funguo zote zinaweza kulia kwa pamoja, jambo ambalo ni zuri, lakini fundi atakayeitengeneza ana chipu 71 za kushughulika nazo. Simshauri mtu yeyote wa hapa kwetu aanzie huko.

Mwaka huo huo wa 1975, mbunifu wa Kimarekani Tom Oberheim alichukua moduli zake ndogo, kila moja ikiwa sinthesaiza kamili ya noti moja, akaziunganisha nne nyuma ya kibodi moja iliyokuwa ikigawa noti kwa moduli iliyo wazi. Sauti yake ni nene na yenye uhai kwa sababu hakuna moduli mbili zinazofanana kabisa, lakini mpigaji aliyetaka kubadilisha sauti alilazimika kurekebisha vitufe vya moduli zote nne, kimoja kimoja. Wapigaji wenzangu wa taarab ya kisasa watalielewa tatizo hilo mara moja: katika wimbo mmoja kinanda kinaweza kushika mistari ya fidla, kikageuka kodiani, kikarudi fidla, na hakuna mwimbaji atakayesubiri urekebishe moduli.

Aliyelitatua ni Dave Smith. Prophet-5 ya kampuni yake ya Sequential Circuits, iliyoonyeshwa Januari 1978, ilikuwa na njia tano zilizosimamiwa na kompyuta ndogo iliyosoma vitufe vyote, ikakumbuka mpangilio wa sauti 40, na kuirudisha yoyote kwa kubonyeza kitufe. Kwangu mimi hapo ndipo sinthesaiza ilipokuwa chombo cha bendi. Yamaha CS-80 iliyotoka karibu na wakati huo ilikuwa na njia nane na kibodi inayohisi uzito wa kila kidole peke yake, na ninaipenda kwa moyo wote, lakini ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 80.

Jambo jingine ambalo Prophet-5 inatufundisha linahusu vipuri. Matoleo yake ya kwanza yalitumia chipu za SSM, na kuanzia toleo la tatu la mwaka 1980 ikahamia kwenye chipu za CEM zilizobuniwa na Doug Curtis. Chipu ya osileta ya CEM3340, ambayo imo pia ndani ya sinthesaiza za Oberheim OB-Xa na Memorymoog, imerudi kutengenezwa katika miaka ya karibuni, na ipo mifano yake kutoka viwanda vingine. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei, uliza chombo kina chipu gani, kisha mwulize fundi wako kama zinapatikana.

Kuhusu joto ni lazima nieleze kwa kirefu. Osileta za kawaida za analogi hupokea volti 1 kwa kila oktava, maana yake noti moja na inayofuata hutenganishwa na takriban milivolti 83 tu, na transista zinazotafsiri volti hizo hubadilika tabia kadiri joto linavyobadilika. Katika ukumbi usio na kiyoyozi mwezi Februari, chombo ulichokirekebisha noti zake saa kumi jioni kinaweza kuwa kimehama kutoka kwenye noti sahihi kabla ya wimbo wa tatu. Roland ilipotoa Juno-6 mwaka 1982, ikiwa na njia sita zenye osileta moja kila moja, mtetemo ulipangwa kwa saa ya kidijitali, huku kichujio kikibaki cha analogi. Wapo wanaosema sauti yake ni nyembamba kuliko ya Jupiter-8 ya mwaka 1981, na ni kweli, ila haihami. Kwa hali ya hewa ya Dar es Salaam, ningechagua chombo cha ukoo wa Juno bila kusita.

Mwaka 1983 ilikuja Yamaha DX7, ya kidijitali, yenye njia 16, na biashara ya analogi ikaporomoka. Ndiyo maana vyombo vingi vya zamani utakavyovikuta vina umri wa miaka arobaini.

Basi ukifika dukani, usikubali kuonyeshwa noti moja moja. Bonyeza funguo tofauti, ukiongeza noti moja juu ya nyingine bila kuachia, mpaka ufikie idadi ya njia za chombo hicho, na usikilize kila inayoingia. Kisha refusha muda wa kufifia na upige kodi mbili haraka: ukisikia noti za kodi ya kwanza zikikatwa, huo si ubovu, ni njia zimekwisha, na utajua kama zinatosha kwa muziki wako. Omba kifuniko kifunguliwe uone betri ya kumbukumbu. Katika Korg Polysix ya mwaka 1981, kwa mfano, betri hiyo huvuja na kula nyaya za bodi. Ukiona ukungu wa kijani au mweupe, ondoka.

Mwisho, tazama kibandiko cha umeme. Chombo kilichotengenezwa kwa soko la Japani kinataka volti 100, na umeme wetu ni volti 230. Mwenzangu mmoja alichomeka chake moja kwa moja ukutani, kikafa palepale. Nunua transfoma ya kushusha hadi 100, si ile ya 110 inayopatikana kirahisi, kwa sababu ziada hiyo hugeuka joto ndani ya chombo. Hewa ya bahari nayo huozesha viunganishi, kwa hiyo mimi hukifunika changu kwa kitambaa kila usiku. Njia yake ya sita ilipona baada ya miezi minne ya kusubiri kipuri, na Jumamosi hii kitapigwa Magomeni.