Toa mguu kwenye mafuta, shika koleo

Zima gari sasa hivi, mdogo wangu. Salamu tutapeana baadaye.

Umeandika hapa kwenye uzi kwamba tipa lako la tairi kumi limezama tangu jana jioni huko Chanika, kokoto zikiwa bado juu, tairi za nyuma zimemezwa hadi difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli ya nyuma, linagusa tope. Fundi wako kakwambia ubonyeze difloki, ile swichi ya kufunga difu, ukanyage mafuta mpaka mwisho, kisha Fuso la jirani likuvute kwa cheni kwa kujipiga, yaani lianzie karibu ili lije na kasi. Halafu ukauliza ushushe upepo au usishushe, umwage mzigo au usimwage, winchi ni bei gani, na bili alipe nani kati yako na mwenye saiti. Wadau watatu hapo juu wamekujibu "mkanyagie tu, litatoka." Nimesoma nikainuka kitini. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi masika ya 2018, na utingo wangu mpaka leo anachechemea.

Nilikuwa nimepakia Lugoba usiku, nikapita mizani ya Vigwaza bila shida, na asubuhi nikawa Msongola, si mbali na hapo ulipo. Ilikuwa ile mvua ya Aprili inayonyesha usiku kucha, kukicha linatoka jua la kukulaghai. Njia ya kuingilia saiti ilishuka bondeni, juu imefanya ukoko, ukiitazama unaona kavu. Nikasimamisha gari pale juu, nikashuka, nikachoma ardhi kwa kipande cha nondo. Kikazama hadi ngumi ikagusa chini, na nilipokichomoa kilitoka na udongo wa kijivu unaonata, ule wa kufinyangia vyungu. Jibu nilikuwa nalo mkononi. Akaja msimamizi wa saiti: "Dereva, pita tu, jana kapita mwenzako hapa hapa." Huyo mwenzangu, mlinzi aliniambia baadaye, alikuwa na Canter, tena tupu, inatoka. Mimi nilikuwa na tani 15 za kokoto mgongoni.

Nikaingia. Mita 40 hazikuisha. Gari likainama kushoto, tairi za nyuma zikazunguka mara moja, gari halikusogea.

Pale pale ndipo nilipotakiwa kutoa mguu. Mzunguko mmoja mtupu umeshakupa habari yote unayoihitaji. Udongo wa mfinyanzi ukishiba maji haushikani na tairi. Tairi ikizunguka juu yake inaukoroga na maji kama uji, na kila mzunguko unashuka chini zaidi. Kashata, yaani meno ya tairi, zikishajaa tope, tairi mpya na tairi kipara ni kitu kimoja. Na difu kwa jinsi lilivyotengenezwa linapeleka mzunguko kule kwenye wepesi: tairi iliyo ndani ya uji inazunguka kama feni, mwenzake wa upande mgumu ametulia. Kwa hiyo ukinguruma dakika kumi unachimba kisima kwa dizeli uliyoinunua mwenyewe.

Nilinguruma. Halafu nikampigia simu fundi wa bosi. Alikuwa gereji Tabata, nasikia vikombe vya chai vinagongana. Hakuuliza gari limeinamia upande gani, hakuuliza nina mzigo kiasi gani, hakuuliza udongo ni wa namna gani. Akasema, "Bonyeza difloki hapo hapo, usiachie mafuta."

Sikiliza vizuri hapa, kwa sababu fundi wako kakwambia hivyo hivyo. Difloki yenyewe haina ubaya. Inafunga tairi za pande mbili zizunguke pamoja, na kwenye gari la ekseli mbili za nyuma ipo pia ile ya kufunga ekseli na ekseli. Lakini ndani yake ni meno yanayoingiliana, na meno hayawezi kuingiliana salama wakati upande mmoja umetulia na mwingine unakimbia. Inabonyezwa tairi zikiwa zimesimama, usukani umenyooka, gia ya chini kabisa, halafu unaondoka taratibu. Na unaitoa kabla hujakata kona au kupanda ardhi ngumu. Mimi nilibonyeza difloki wakati tairi ya kushoto iko kwenye kasi. Ukasikika mlio mmoja chini, kama nondo iliyopigwa nyundo. Hafshafti, kile chuma kinachotoa mzunguko kwenye difu kupeleka kwenye tairi, ilikatika pale, ingawa tulikuja kuiona imekatika siku mbili baadaye gereji. Wakati ule nilidhani ni jiwe. Nikakanyaga nusu saa nyingine mpaka klachi ikaanza kutoa ile harufu, halafu moshi, halafu pedali ikawa haina nguvu. Gari likawa limekalia difu, tairi zinaning'inia kwenye uji hazigusi kitu.

Ndipo likaja Fuso la mchanga, na cheni.

Dereva wake alikuwa kijana mwema, alitaka kusaidia. Tukafunga cheni mbele kwangu, nyuma kwake, tukaacha mita tatu zilegee ili "ajipige." Mara ya kwanza gari liliguna likarudi. Watu wa mtaa wakashangilia, wakasema limekubali, ongeza. Mara ya pili cheni ikakatika. Kipande kiliruka pembeni kikampiga utingo wangu chini ya goti. Alikuwa amesimama hatua kama sita, ameshika ubao, anatuelekeza. Alikuwa na miaka 22. Mlio wa cheni siukumbuki, naukumbuka ule ubao ulivyodondoka. Mguu ulivunjika sehemu mbili, akatiwa vyuma, na kazi ya malori hajairudia tena.

Fundi wako anakutajia kujipiga kana kwamba ni ufundi. Cheni hainyumbuki. Ulegevu ukiisha, kasi yote ya Fuso inakomea kwenye pingili moja kwa wakati mmoja, na nguvu yake ni mara nyingi ya ile ya kuvuta taratibu. Kitu dhaifu kuliko vyote ndicho kinachoachia: pingili, ndoano, au bampa lako. Na kikiachia kinaruka. Tena gari lililozama halijabanwa na uzito wake peke yake, tope imelinyonya. Wewe umekulia Dar, umewahi kutembea kwa kandambili kwenye tope la mfinyanzi. Ukinyanyua mguu kwa nguvu, mkanda unachomoka, kandambili inabaki chini. Ukiinama ukapitisha kidole ubavuni hewa ikaingia, inatoka yenyewe. Tipa lako ni kandambili hiyo. Cheni ni ule mkanda.

Aliyelitoa gari langu ni mzee mmoja wa jirani. Aliendesha malori ya Lindi na Mtwara enzi za kivuko cha Rufiji, kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, wakati kile kipande cha Ndundu hadi Somanga kilikuwa udongo mtupu na masika magari yalilala njiani siku kadhaa. Alitembea kulizunguka gari mara mbili, mikono nyuma, akauliza, "Koleo liko wapi?" Sikuwa nalo. Dereva wa tipa, natembea na kokoto tani 15, sina koleo. Likaletwa kutoka nyumba ya jirani.

Kwanza mzigo. Mimi nilitaka kuinua bodi nimwage, akanishika mkono. Gari lilikuwa limelala kushoto, na bodi ikipanda gari likiwa limelala ubavu, uzito unahamia juu na gari linapinduka. Tukafungua mlango wa nyuma, vibarua sita wakashusha kwa makoleo. Wakati wao wanashusha, yeye alichimba mfereji mdogo wa kutoa maji yaliyotuama kwenye mashimo ya tairi, yashuke bondeni. Kisha akalala kifudifudi kwenye tope, mzee wa umri ule, akachimba chini ya difu mpaka mkono wake ukapita upande wa pili. Nyuma ya kila tairi akakata mteremko mlaini, sio ngazi, akaupanga mirunda ya pale saiti na kifusi cha matofali, vikisukumwa hadi vikagusane na mpira. Nyuma, nasema, maana alikataa kabisa gari litoke mbele. Ulikoingilia, ardhi umeshaishindilia mwenyewe na unajua inavyobeba. Mbele hujui kuna nini.

Baada ya hapo ndipo tukaomba kijiko kilichokuwa kinachimba msingi kiwanja cha pili. Waya ukafungwa kwenye ndoano ya chesisi, ukakazwa kwanza mpaka ukanyooka kabisa, turubai zito likatandikwa juu yake katikati ili ukikatika lipunguze kuruka, watu wote wakasogezwa mbali kuliko urefu wa waya wenyewe. Kikavuta polepole kama mtu anayevuta maji kisimani. Gari likatoka. Tangu mzee ashike koleo hadi tairi kukanyaga changarawe ni kama saa tatu, na saa mbili na nusu ya hizo ilikuwa kuchimba na kushusha.

Hafshafti, klachi nzima, matibabu ya kijana, gari kulala siku 19: zaidi ya milioni 7 kwa hela ya mwaka ule. Bosi alinikata kwenye mshahara mpaka mwaka ukageuka. Vibarua sita na mirunda vilinigharimu laki moja na nusu. Ningeanza na hiyo laki na nusu saa mbili asubuhi, kijana angekuwa anaendesha semi la kwake leo, alikuwa na mkono mzuri wa usukani.

Na hasira yangu niimalize hapa hapa. Yule fundi wa simu ndiye aliyelipwa kubadilisha hafshafti. Alipoitoa vipande viwili alinionyesha, akaniambia, "Nyie madereva mna nguvu sana mguuni." Msimamizi wa saiti alikataa kusaini kokoto zilizoshushwa njiani, akasema hazijafika. Hakuna hata mmoja kati yao aliyempigia utingo simu, hata ya pole. Ndiyo maana nikiona mtu kaandika "mkanyagie tu" na yuko ofisini kwenye kiyoyozi, nashindwa kunyamaza. Anayekupa ushauri wa kukanyaga, muulize kama atakuja kusimama karibu na hiyo cheni. Muulize hapa hapa kwenye uzi, tumsikie.

Kwa hiyo: mzigo ushushe, ndiyo, kwa makoleo kama gari limeinama. Kokoto haziozi, zitakusubiri hapo pembeni. Upepo unaweza kupunguza kidogo tairi za nyuma ili zikae bapa na zishike eneo kubwa, ila baada ya kuchimba, na usizidishe, kwa sababu hizo ni tairi pacha, zikilegea sana zinasuguana ubavu kwa ubavu na kukatana. Ukishatoka, jaza upepo wote kabla hujakanyaga lami. Lakini ndugu yangu, ukipunguza upepo bila kuchimba, hujafanya kitu. Ukileta winchi bila kuchimba, hujafanya kitu, umeleta tu cheni ya bei kali zaidi. Tairi ikizunguka mara moja gari lisisogee, mguu juu, ufunguo zima, koleo. Hata bosi akipiga simu. Hata mwenye saiti akipiga kelele kwamba zege linasubiri kokoto.

Difu lako linagusa tope, umesema. Basi kazi ya kwanza ni hiyo hiyo ya yule mzee: pitisha mkono chini ya difu. Usipopita, hakuna kuvuta.

Mimi niko Gongo la Mboto, na mawingu yameanza kujikusanya upande wa Pugu, kwa hiyo tusipoteze muda. Nitumie ujumbe wa pembeni uniambie uko mtaa gani hapo Chanika. Nakuja na bodaboda, nina makoleo mawili na waya. Wewe tafuta vibarua, waulize mafundi hapo saiti mirunda mirefu iko wapi, na huyo wa Fuso mwambie asante, aegeshe mbali. Utingo wako asikae nyuma wala mbele ya gari. Ufunguo uwe mfukoni mwako mpaka nifike.