Unataka mtoto apimwe au unataka ushahidi wa kumshinda mavyaa?

*Shangazi shikamoo. Naishi Mtwapa, mume wangu ni dereva wa trela la Kampala, tuna mtoto mmoja wa kiume, miaka mitano na nusu, yuko PP2, mwaka wa mwisho wa chekechea. Mwezi wa kwanza tulimhamishia shule yenye jina na tangu hapo hataki kwenda kabisa, asubuhi analia, anatapika, anajificha chini ya kitanda. Ukimwita haitiki, hachezi na wenziwe, anapanga vifuniko vya soda mstari kutwa. Mwalimu kasema huenda ni usonji (ile autism, hali ya ubongo inayomfanya mtoto aseme na kuchangamana tofauti na wenziwe) nikampime (alimfinya kidogo siku moja kwa kelele zake lakini ni mwalimu mzuri). Tatizo ni mavyaa wangu wa Ukunda, ndiye aliyemlea mpaka miaka mitatu, ati mtoto hana kitu, kamtoa ami yake ambaye mpaka leo anatengeneza redio peke yake hasemi na mtu, ati pia kakosa malezi ya mama kwa vile nashinda dukani. Kwake hata chuo cha Kurani anakwenda na sura anasoma, kwangu ndo balaa. Mume naye anasema nimsubiri arudi mwisho wa mwezi. Rafiki yangu anasema ni ile sindano ya surua na kuna dawa ya matone inatibu, kanipa namba. Nataka nimpime kimya kimya nipate karatasi niwaonyeshe wote wajue nani alikuwa mkweli. Nianzie wapi?*
*Mama Aliyechoka, Mtwapa*

Marahaba mwanangu. Pole, kuamka kila siku ya shule na kilio si mchezo, na kutoa mtoto chini ya kitanda huku duka linakungoja, naelewa. Haya, pole nimeshakupa, sasa tuseme kweli.

Barua yako nimeisoma nikairudia, na kilichonikaa kichwani si vifuniko vya soda, ni hilo neno lako la mwisho, "wajue nani alikuwa mkweli". Mtoto anatapika asubuhi na wewe hesabu yako ni nani kashinda! Hiyo karatasi unayoitaka si ya mtoto, ni ya kwenda kuipeperusha Ukunda. Na mimi nakwambia bila kukuficha, kwa haya uliyoyaandika mwenyewe kwa mkono wako, mtu aliyemuona huyu mtoto vizuri kuliko nyote ni huyo mavyaa unayemlalamikia.

Kupimwa apimwe. Hapo sina mjadala, tena upesi, mwalimu akikwambia jambo kama hilo huliweki chini ya godoro. Lakini wewe unadhani unakwenda kutoa damu, mwenyewe na mtoto, asubuhi unaingia mchana unatoka na majibu. Usonji hauna kipimo cha damu mwanangu, hakuna eksirei, hakuna mashine. Daktari wa watoto au mtaalamu wa akili za watoto anakaa chini anamtazama mtoto anavyocheza, anamwita jina, anamuonyesha kitu kwa kidole aone kama macho yatafuata, halafu anakugeukia wewe na hapo ndo kazi inapoanza. Alianza kutamka maneno lini? Alipokuwa mwaka na nusu alikuwa akikuonyesha vitu kwa kidole, ndege yule, paka yule? Kuna maneno alikuwa nayo yakapotea? Alikuwa akilala vipi, akila nini, kelele gani zikimtoa roho? Kwenye ukoo kuna mwengine wa hivi? Sasa nijibu, maswali hayo utayajibu wewe? Mpaka miaka mitatu mtoto alikuwa Ukunda. Utakaa mbele ya daktari unabahatisha, na ukibahatisha wewe na daktari naye atabahatisha.

Mavyaa aliposema mtoto kamtoa ami yake wewe ukasikia dharau, ati anaficha mambo ya kwao. Mimi nimesikia jambo ambalo daktari atalitafuta mapema kabisa, manake usonji unatembea sana kwenye damu ya ukoo, na mara nyingi mtoto akipimwa ndo watu wanaanza kutazamana, kumbe na babu alikuwa hivi, kumbe na ami. Yule mama anasema hana kitu kwa sababu kazaa mmoja wa hivo, kamlea, kawa fundi, anakula jasho lake. Si ujinga huo. Hana jina lake tu, lakini kitu chenyewe anakijua kuliko mimi na wewe. Penye wazee haliharibiki neno, we unataka kumruka mzee uende kimya kimya.

Halafu turudi kwa hiyo shule, kwa sababu hapo ndipo uliponikasirisha. Umeandika mtoto "hataki kwenda kabisa" halafu mistari michache mbele kwa nyanyake chuoni anakwenda na sura anasoma. Basi mtoto hajakataa kusoma, kakataa pale. Chuoni ni mkeka, watoto wachache, mwalimu yule yule, kila siku jambo ni lile lile, wanasoma kwa sauti moja na yeye kazi yake ni kufuatiza. Mtoto wa aina hii mpangilio usiobadilika ndo raha yake. Sasa kumtoa huko ukamtia shule yenye jina, darasa limejaa, kengele inalia ghafla juu ya kichwa, foleni, choo cha kuingia wengi, na nina hakika bila kuambiwa kuna tai na soksi za kupanda magotini kwenye joto la huku kwetu, sijui nani aliwaambia hizi shule zetu za pwani kwamba elimu inaingilia kwenye soksi. Wewe mshono wa soksi huusikii, kuna watoto mshono ule unawawasha kutwa nzima na hawana maneno ya kukwambia. Matapishi ya asubuhi si uongo wala si deko, hofu inapanda mpaka tumboni. Umeshawahi kutazama inaanza saa ngapi? Akiona yunifomu? Akisikia honi ya basi la shule? Au tangu jumapili usiku? Huko kutazama ndo kupima kwenyewe kunaanzia, na hakuna wa kukufanyia ila wewe uliye naye nyumbani. Yaandike. Mrekodi na simu akiwa na vifuniko vyake, akiwa analia, ili daktari aone, si ya kutia status.

Na hilo la kufinywa umelitia kwenye mabano! Ati alimfinya kidogo lakini ni mwalimu mzuri. Mtoto kafinywa, asubuhi anajificha chini ya kitanda, na wewe bado unauliza kwa nini hataki shule. Kenya hii kumpiga mtoto shuleni kumekatazwa tangu 2001, na sheria ya elimu ya msingi ya 2013 ikarudia kwamba mwanafunzi haadhibiwi kimwili, na kufinya kumo humo. Kabla hujaenda popote nenda kwanza kwa mwalimu mkuu, kwa adabu lakini useme, na usirudi nyumbani mpaka kieleweke. Huyo mwalimu namshukuru kwa kukuambia ukampime, la kufinya simsamehe. Na kama wamegoma kukuelewa, mtoto arudi alikokuwa, jina la shule halimvishi mtu.

Umeuliza kupima uanzie wapi. Anza na masikio. Mtoto asiyeitika akiitwa, la kwanza linaloangaliwa ni kama anasikia, wako waliobandikwa usonji kumbe masikio. Ukishatoka hapo ndo daktari wa watoto, hospitali ya serikali ya rufaa wapo, yeye atakuelekeza kwa wa akili za watoto na kwa wale wa kufundisha matamshi na wa okupesheno, wale wa kumzoesha mtoto shughuli za kila siku. Upande wa shule kuna vituo vya serikali vya kupima watoto wenye mahitaji maalum, vinaitwa EARC, vipo tangu 1984, uliza ofisi ya elimu ya kaunti ndogo yako watakwambia kilipo cha karibu, hao ndo wanaosema mtoto akae shule ya kawaida na asaidiwe vipi, au apelekwe yenye kitengo cha mahitaji maalum. Mumeo akipita Nairobi na trela lake, KISE, chuo cha serikali cha elimu maalum, iko Kasarani kule, nao wana kituo cha kupima, aingie aulize. Na ujiandae, jibu laweza kuja si usonji, ikawa ni kuchelewa kusema au hofu tu ya shule. Ikija ndiyo usonji pia mtoto ni yule yule aliyelala kwako jana, ila sasa unajua umuombee nini kwa mwalimu, kwamba aingie darasani kengele ikishalia, akae pembeni mbali na mlango, aambiwe mapema kama kuna kitu kinabadilika.

Sasa pale mavyaa alipokosea nitasema, nisionekane nimenunuliwa. Hilo la "kakosa malezi ya mama" si kweli na alifute. Wala si yeye wa kwanza, daktari Leo Kanner huko Marekani aliandika kuhusu watoto hawa mwaka 1943, na baada yake mabingwa wakakaa miaka wakilaumu akina mama, ati wamewanyima watoto mapenzi ndo maana, wanawake wa watu wakalia bure, mwisho ikaonekana hakuna kitu kama hicho. Duka lako halikumpa mtoto usonji. Na sindano ya surua nayo haikumpa. Ule uvumi ulitoka kwenye utafiti wa 1998 kule Uingereza, jarida lililouchapisha lenyewe likaufuta mwaka 2010 na daktari wake akanyang'anywa leseni. Watu wanachanganyikiwa kwa sababu sindano inachomwa miezi tisa na mwaka na nusu, na umri huo huo ndo dalili zinaanza kuonekana, bas. Na huyo rafiki wa matone, usonji hauna dawa ya kuunywa ukaisha, namba yake ifute na kama ulishanunua mwaga, usimjaribie mtoto.

Nije kwa mumeo, na hapa niruhusu niseme na wengine wote wanaosoma. Wewe umeandika "mume naye" kana kwamba kakataa. Kakataa wapi? Kasema nisubiri nirudi. Mwanamume anayetaka kuwepo mtoto wake akipimwa siku hizi ni wa kutafuta kwa tochi, na wewe umemtia kundi moja na maadui! Ndoa zenu za sasa zimekuwa za skrinshoti, kila mtu anaweka ushahidi, mke ana folda yake mume ana folda yake, jambo la nyumbani linafika kwenye grupu la wanawake wa chama kabla halijafika kwa mwenye nyumba, mnashauriwa na watu ambao hata jina la mtoto hawalijui, kisha mnakuja kwa Shangazi mpate muhuri. Zamani mke na mume wakigombana kuna wazee wanawekwa kati, sasa kuna blutiki. Mume yuko Malaba kwenye foleni ya malori usiku hajalala, anakupigia humpokei kwa sababu umemkasirikia, halafu unasema hajali. Hajali au humuambii? Umemwambia kwamba mtoto kafinywa? Mimi naapa hujamwambia, manake unajua angefanyaje.

Mngoje. Mwisho wa mwezi si mbali, na kuonwa na daktari kwenyewe kunataka kungoja zamu, kwa hiyo katafute hiyo tarehe sasa hivi iangukie siku aliyopo. Masikio unaweza kuyaangaliza wiki hii, hayo hayangoji mtu. Na mavyaa avuke na feri aje, awepo, akae kwenye kiti cha karibu na daktari kuliko wewe ikibidi. Najua utaona nimekuonea. Mpigie leo jioni akishaswali, na usianze na neno usonji wala neno mwalimu kasema, muulize tu, mama, huyu mwanangu alipokuwa huko kwako neno lake la kwanza lilikuwa gani? Halafu uwe na kalamu mkononi.