Mdogo wangu kamwachia mkopeshaji kadi yake ya benki: nimlipie au nimwache ajifunze?

SWALI

Habari za kazi, mshauri. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Morogoro, nina duka dogo la nguo za watoto. Mdogo wangu wa kiume ni mwalimu wa shule ya msingi huko Kilombero. Wiki mbili zilizopita niliingiziwa ujumbe na namba nisiyoijua: "Mwambie ndugu yako alipe, ni tapeli." Mwalimu mkuu wake naye alitumiwa. Nilipombana ndipo akafunguka.

Anadaiwa 600,000 na mkopeshaji wa mtaani kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi, na kadi yake ya benki na namba ya siri viko kwa huyo mkopeshaji. Ameshalipa 180,000 kila mwezi kwa miezi saba, lakini laki sita iko palepale. Mikopo ya kwenye simu ni mitatu, jumla kama 240,000. Kikoba cha walimu, 150,000. Mkewe anauza vitumbua na ana mkopo wa kausha damu wa kikundi, ule wa kurejesha kila siku, amebakiza siku 12 za marejesho ya 15,000. Mshahara ukishakatwa kila kitu, mikononi zinatakiwa kufika 410,000.

Nina 900,000 nilizoweka kwa ajili ya ada ya mwanangu. Mume wangu anasema tumwache ajifunze, kwa sababu miaka miwili iliyopita mama aliuza ng'ombe kumlipia madeni, na leo amerudi kulekule. Anahisi pia kwamba mdogo wangu anabeti. Mwenyewe anasema kuna benki itampa 1,500,000 kwa siku moja amalize yote, ila niwe mdhamini na niweke leseni yangu ya biashara. Nimlipie, nimdhamini, au nimwache?

JIBU

Dada, kabla ya kuandika jibu hili nilikurudishia maswali mawili: je, kuna deni la dukani, na ile laki sita ya kwanza alikopa lini, ya nini?

La dukani lipo, 65,000 za unga, sukari na sabuni, na hakulitaja mwanzoni. Nilijua litakuwepo. Mtu huona aibu zaidi kwa deni la muuza duka anayemsalimia kila asubuhi kuliko kwa deni la laki sita. Kwa hiyo jumla ni 1,235,000.

Swali la pili ulilijibu kwa mstari mmoja, kana kwamba ni jambo la kupita: alikopa Machi, wiki ya msiba wa baba, kwa kuwa kikao cha familia kilimpangia laki nne "maana yeye ana mshahara", na zilizobaki zikaishia kwenye nauli za mke na watoto. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Kwa mdogo wako hata kukopa kwenyewe kulikuwa matanga.

Sikulaumu kwa hilo. Ila shemeji anaposema aachwe ajifunze, mwulize ajifunze nini. Kwamba kikao kikimpangia laki nne asimame aseme sina? Ni somo zuri, na nyote mliokaa kwenye kikao kile mna zamu ya kulisoma.

Sasa hesabu, maana ndiyo kazi yangu. Miezi saba mara 180,000 ni 1,260,000. Amelipa mara mbili ya alichokopa na ushee, na deni halijapungua hata shilingi, kwa sababu kila anachotoa kinahesabiwa riba tupu. Mkopeshaji mwenye leseni ya daraja la pili, yaani anayekopesha bila kupokea amana za watu, chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, amewekewa na Benki Kuu kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa laki sita hiyo ni 21,000. Miezi saba, 147,000. Yaani hata angekaa miezi yote saba bila kupunguza chochote, kwa mwenye leseni angemalizana kwa 747,000. Ametoa 513,000 zaidi ya hapo na bado anaitwa mdaiwa.

Tazama pia ule mnyororo. Mshahara ukiingia, mkopeshaji anachomoa 180,000, mwalimu anarudi nyumbani na 230,000. Kufikia tarehe 15 hana kitu. Simu inamwambia anastahili 80,000, anabonyeza. Mkewe anaingia kausha damu ili mtaji wa vitumbua usife. Ukiyaona madeni haya yakiwa kwenye orodha utadhani ni ya mtu mwenye tabia ya kukopa. Ukiyapanga kwa tarehe, mengi ni watoto wa deni moja. Ndiyo maana siku hizi siulizi kwanza "ulikopa ya nini?" bali "lilianza lini?" Nilikuwa afisa mikopo kwa miaka tisa, na nimewahi kusimama mlangoni kwa mama mmoja wanakikundi wenzake wakitoa kochi na redio, mimi nikijaza fomu. Swali la tarehe sikuwa nalo siku ile.

Hiyo kausha damu ya wifi yako nayo inahitaji neno. Kwenye karatasi ni laki tatu, anarejesha 15,000 kwa siku 26, jumla 390,000, na wanaita asilimia 30. Umeniambia walimkata 30,000 za fomu na akiba ya lazima, kwa hiyo mkononi alipata 270,000. Ongezeko ni 120,000. Lakini zile 270,000 hakukaa nazo mwezi mzima. Alianza kuzirudisha kesho yake, na kwa wastani alikuwa na kama nusu tu, 135,000. Kutoa 120,000 kwa ajili ya kukaa na 135,000 ni karibu asilimia 90 kwa mwezi mmoja. Vitumbua gani vina faida hiyo?

Kwa hiyo ufanye nini.

Anza na kadi, kabla ya pesa yoyote. Mdogo wako aende mwenyewe tawini na kitambulisho, aseme kadi haiko mikononi mwake, izuiwe, apewe nyingine na namba ya siri mpya. Kadi ni mali ya benki na namba ya siri haigawiwi, kwa hiyo mkopeshaji hana dhamana pale, ana uwezo wa kuchomoa tu. Usiende kwa niaba yake. Msindikize ukitaka, kaa kwenye benchi, lakini maneno ayaseme yeye.

Siku hiyohiyo, kabla mkopeshaji hajagundua kwa kukosa, aende kwake na shahidi: msaidizi wa kisheria wa kata akipatikana, au mtendaji. Aende na karatasi yenye tarehe na kiasi cha kila mwezi alichokatwa. Taarifa ya benki itaonyesha. Aombe kuona leseni. Sikushauri amwambie "sikulipi", maana pesa alipokea na alikubali kwa mdomo wake. Ila anayo haki ya kusema: riba imekoma leo, tuongee kuhusu kilichobaki. Waanzie laki tatu. Wanaokopesha bila leseni hawapendi kufika mbele ya mtu wa serikali wakiwa na daftari lao, na wengi nilioketi nao hulegea hapo. Watakachokubaliana kiandikwe, mashahidi wasaini.

Mikopo ya simu ni habari nyingine. Agosti 2024 Benki Kuu ilitoa mwongozo kwa wakopeshaji wa kidijitali, na Novemba mwaka huohuo ikatangaza programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila idhini. Angalieni majina ya hizo tatu kwenye orodha ile. Ile meseji uliyotumiwa wewe na mwalimu mkuu usiifute. Piga picha ya skrini yenye namba na saa. Kuchukua majina yaliyomo kwenye simu ya mtu na kuyatumia kumdhalilisha ni jambo la kulalamikia Benki Kuu, na pia Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kufuta programu peke yake hakusaidii sana, majina walishayachukua. Aingie kwenye mipangilio ya simu afunge ruhusa, kisha alipe kile alichopokea kwa njia inayoacha risiti. Na amfuate mwalimu mkuu amweleze mwenyewe kwa mdomo. Dakika tano za aibu, halafu meseji inayofuata haina nguvu.

Kuhusu kubeti, msibishane kwa hisia. Kampuni ya simu hutoa taarifa ya miamala. Achukue ya miezi sita, mkae watatu, yeye, mkewe na wewe, mpitie. Kama kuna kubeti kutaonekana kwa majina na kwa saa, mara nyingi usiku. Likionekana, sahau habari ya mkopo wowote mpya, hata wa benki. Pesa itakayotua mikononi mwake itapita. Hapo tunashughulika kwanza na kubeti, na mshahara unaweza kwa muda kuhamia kwenye usimamizi wa mkewe kwa ridhaa yake mwenyewe. Lisipoonekana, shemeji amwombe radhi, hata kama ni kimoyomoyo.

Hili la taarifa ya miamala ndilo ninalolishikilia kuliko yote. Mlipouza ng'ombe, alipewa pesa mkononi akalipe, na hakuna aliyeona orodha nzima. Naweza kubashiri kwamba deni moja alilificha kwa aibu, nalo ndilo lililozaa tena. Wajibu wake safari hii ni kufungua kila kitu mezani. Kulipa 1,235,000 kwa mkupuo hawezi, na kumdai asichoweza ni kumsukuma arudi kwenye simu. Kusema kweli yote anaweza. Hilo mdai bila huruma.

Sasa udhamini. Hapa nilisoma barua yako mara mbili. Mtumishi wa umma akikopa benki kwa mshahara, kwa kawaida dhamana ni mshahara wenyewe: mwajiri anathibitisha, makato yanapita kwenye mfumo. Haiombwi leseni ya biashara ya dada yake. Wanaotoa 1,500,000 kwa siku moja na kutaka leseni yako sidhani kama ni benki. Usisaini. Kwa Sheria ya Mikataba, mdhamini anabeba deni sawasawa na mkopaji, isipokuwa mkataba wenyewe useme vingine. Hutakuwa umemsaidia ndugu, utakuwa umekopa wewe.

Njia iliyo safi ni hii. Ulinitajia kwamba kwenye slipu yake kuna makato ya 77,200 ya mkopo wa benki wa zamani. Aende benki hiyohiyo aulize kuongezewa. Tuseme anapata 1,200,000 kwa asilimia 16 kwa mwaka, riba ikipigwa kwenye salio linalobaki, kwa miezi 24. Rejesho ni kama 58,800 kwa mwezi, na riba ya miaka miwili yote ni kama 210,000. Mkopeshaji wa mtaani anachukua 180,000 kwa mwezi mmoja. Viwango hutofautiana, kwa hiyo aulize kabla ya kusaini: riba ni ya salio linalobaki au ya mkopo wote? Ada na bima vinakatwa kiasi gani mbele? Benki itatazama pia kumbukumbu zake za mikopo, na zile za simu zinaweza kuonekana humo. Halafu kuna ile sheria ya theluthi: makato yote hayaruhusiwi kumwacha mtumishi na chini ya theluthi moja ya mshahara wa msingi. Wa kwake ni 720,000, theluthi yake 240,000. Akitoka 410,000 akaondoa 58,800 anabaki na 351,200, anapita. Ila asiende benki kabla ya kumalizana na mkopeshaji kwa maandishi, asije akakopa laki sita kulipa deni ambalo lingeisha kwa tatu.

Na laki tisa zako? Ada ya mtoto usiiguse yote. Ningetoa 180,000 tu, zile siku 12 za wifi, kwa sababu deni la kila siku linakula chakula cha siku hiyo, na akichelewa wanaochangishana ni akina mama jirani zake, hawana kosa. Mpe kiongozi wa kikundi mwenyewe, upate sahihi kwenye daftari, na wifi aombe kutoka asiingie mzunguko mwingine. Usiuite huo mkopo. Useme ni mchango wako wa msiba wa baba, uliochelewa. Kikoba cha walimu wanaweza kusubiri mwezi akienda kuwaeleza, wale wanajuana. Duka lilipwe kidogokidogo kuanzia wiki hii, hata 5,000, ili muuza duka amwone akija badala ya kupita njia ya nyuma.

Akigoma kuleta taarifa ya miamala, usimpe shilingi. Lakini gunia la unga litume, na watoto wake likizo ya Desemba waje Morogoro. Slipu yake ya mwezi huu nitumie baada ya kufuta jina na cheki namba (namba yake ya utumishi), nikuangalizie kama makato mengine yote yamekaa sawa. Hayo ya bodi ya mikopo ya elimu ya juu, asilimia 15, wakati mwingine huendelea kukatwa hata deni likiwa limekwisha.