Nimealikwa kwenye mgahawa wa samaki unaouza pombe na kitimoto, niende?

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Mimi ni mwanamke, nafanya kazi ofisini hapa Mwanza. Wenzangu wanamuaga mkuu wetu kwa chakula cha jioni kwenye mgahawa wa kifahari kando ya ziwa, upande wa Capri Point. Wanapika sato, sangara na kamba wa kutoka pwani, lakini bia na kitimoto (nyama ya nguruwe) pia vipo. Kwa bei ya sahani moja ningepata sato watatu pale soko la Mwaloni. Je, niende?

JIBU: Wa alaykumu s-salaam warahmatullahi wabarakaatuh.

Samaki mwenyewe hana tatizo, dada yangu. Suratul Maida (5:96) imetuhalalishia mawindo ya bahari, na Suratu Faatir (35:12) ikataja maji matamu na ya chumvi, kwamba kote tunakula nyama laini. Basi wa ziwani na wa baharini hukumu yao moja, hawachinjwi, wala hatuulizi dini ya mvuvi. Sangara kula samaki wenzake hakumharamishi, maana swali hilo nalo huja sana. Kamba kwetu Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafii, ni halali; Mahanafi, wa madhehebu ya Abu Hanifa, wamekhitilafiana. Kaa ndiye umwache: Imam Nawawi, mwanachuoni wa Kishafii, katika kitabu chake Minhaj amemtaja pamoja na chura katika walioharamishwa.

Tatizo liko jikoni. Karai likikaangiwa kitimoto, mafuta yale yamenajisika, na katika madhehebu yetu mafuta yaliyonajisika hayatwahariki tena, yaani hayasafishiki. Sato akitumbukizwa humo haliwi, hata kama ametoka majini asubuhi hiyo hiyo. Wavu wa kuchomea nao ni vivyo hivyo. Sasa, usimuulize mhudumu "ni halali?" Ataitikia ndiyo, tena kwa moyo mweupe, kwa sababu hajui unachokusudia. Muulize: kitimoto mnakikaangia wapi? Samaki wana karai lao? Unga wa kuwapaka mnauchanganya na bia? Mchuzi huu una mvinyo? Wanaosema pombe ikichemka inaisha wanajifariji tu. Akisitasita, agiza sato chukuchuku kwenye sufuria isiyopikiwa nguruwe, au wa kuoka aliyefungwa kwenye foili. Ikishindikana, kula matunda na soda. Hakuna aliyekufa kwa kula matunda kwenye sherehe.

La meza ni zito zaidi. Katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi, Mtume (s.a.w.) amemkataza anayemwamini Allah na Siku ya Mwisho kukaa kwenye meza inayozungushwa pombe. Wengine kunywa kule pembeni si sawa na chupa kusimama kati ya sahani yako na ya jirani yako, ingawa mahali pasipo na pombe kabisa ndipo bora. Zungumza mapema na mwandaaji, muombe meza ya wasiokunywa. Utashangaa: Wasabato na Walokole wa ofisini huenda wanaitaka hiyo hiyo. Wakikataa, muage mkuu wako mchana ofisini, umpe zawadi, inatosha.

Bei peke yake siyo israfu (ubadhirifu) kwa mwenye uwezo. Pale unalipia pia kiti na upepo wa ziwa. Lakini mchango ukiukopa kwenye kikoba, au ukiagiza sangara mkubwa kwa ajili ya picha kisha nusu irudi jikoni, hapo Suratul Furqaan (25:67), inayowasifu wasiofuja mali wala kufanya ubahili, inakuhusu.

Halafu Magharibi yetu Mwanza huingia karibu na saa moja, na wakati wake ni mfupi. Nenda na udhu wako, uswali kabla sahani hazijafika.

Wallahu a'lam.