Maswali na majibu: Siku ya safari na usiku wa kwanza Muscat

Shule zimefungwa na simu yangu imejaa. Kila Juni ni hivyo hivyo: wanaokwenda Oman kwa mashangazi na mabinamu wananiandikia wakiwa wameshakata tiketi, wakati ushauri wangu hauna tena pa kuingia ila kwenye siku yenyewe ya safari na usiku wa kwanza. Haya, tuanzie hapo. Mlioniuliza habari za viza siwajibu mmoja mmoja. Viza hutolewa na Polisi ya Kifalme ya Oman kwenye tovuti yao, na masharti yasomwe huko, si kwenye kundi la WhatsApp la ukoo.

Shikamoo mama. Tiketi yetu inasema Jumamosi tarehe 27, 01:25. Tuko Mbezi Mwisho, watu watano. Jumamosi tutoke nyumbani saa ngapi?

Marahaba, baba. Jumamosi msitoke. Mkitoka Jumamosi mtakwenda kuangalia ndege za wenzenu.

01:25 ni saa saba na dakika ishirini na tano usiku, na usiku huo ni wa kuamkia Jumamosi. Mnatoka nyumbani Ijumaa, Isha ikishasaliwa, ili saa nne mwe mmesimama kwenye foleni. Mpite Kinyerezi au Ubungo, shauri yenu, ila Ijumaa jioni ya Dar mnaijua.

Swali hili napata kila mwaka na kila mwaka nalijibu kwa ukali, kwa sababu yalinikuta mimi. Watoto wangu wakiwa wadogo, nilifika uwanjani Jumamosi usiku na mabegi matatu, vitumbua kwenye hotipoti, binti yangu kavaa viatu vya sikukuu. Kijana wa mlangoni akaitazama tiketi, akanitazama mimi, akaitazama tena. "Mama, hii iliondoka jana." Haikuwa jana, ilikuwa Jumamosi ile ile, saa ishirini na moja nyuma. Vitumbua tulivimaliza kwenye teksi ya kurudi. Nauli sikurudishiwa hata senti.

Cha kuchekesha ni kwamba bibi yangu, ambaye hakuwahi kupanda ndege, asingekosea. Kwa wazee wa pwani siku huanza jua likizama: ukimwambia "usiku wa Jumamosi" yeye anaelewa Ijumaa baada ya magharibi. Sisi tuliosoma ndio tunaoachwa na ndege. Tiketi yoyote yenye saa inayoanza na sifuri, mpe mzee wa nyumbani akusomee.

Cheti changu cha homa ya manjano ni cha 2012. Nimeambiwa miaka kumi imepita, nichanje tena?

Hapana. Tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha, hata cha zamani. Kitafute tu kilipo. Watoto ambao hawajachanjwa ndio wa kukimbizwa, maana cheti huanza kufanya kazi siku kumi baada ya sindano.

Adapta ya soketi ninunue Kariakoo au huko?

Usinunue popote. Soketi zao ni za pini tatu bapa kama zetu.

Mama mkwe amenipa boksi la kilo saba, limezungushiwa solotepu lote, nimpelekee mtoto wa dada yake aliyeko Sib, karibu na Muscat. Anasema ni dagaa na unga wa muhogo. Naona haya kumwambia tulifungue. Nifanyeje?

Mwanangu, haya yako ni nzuri lakini jina kwenye kibandiko cha begi litakuwa lako. Kwenye kaunta utaulizwa kama mzigo umepakia mwenyewe, na utasema ndiyo, na utakuwa umesema uongo mbele ya wanao.

Simtuhumu mama mkwe. Pengine yeye mwenyewe hajui. Boksi la namna hii hupita mikono: jirani kaongeza kifuko cha "majani ya chai", kijana wa pili kaweka vidonge vya mgongo vya babu. Vidonge hivyo vikiwa tramadol, kule ni dawa inayodhibitiwa kweli kweli na hutakiwi kuingia nayo bila karatasi za daktari. Mirungi, ambayo jirani zetu Kenya wanauziana sokoni, kule ni dawa ya kulevya. Polisi hawatampigia simu mama mkwe.

Fanya hivi. Nunua solotepu mpya. Siku mbili kabla ya safari nenda kwake na begi lako tupu, kaa naye mkekani, umwambie: "Mama, nisaidie kupanga, wenzetu wana vipimo vyao." Fungueni pamoja. Kila kitu kihamie kwenye begi lako kwa mkono wako, unga uwe kwenye pakiti ya dukani yenye maandishi, dagaa wawe wamekauka sawasawa. Asipotaka lifunguliwe, boksi linabaki. Akinuna, atanuna wiki tatu.

Halafu hizo kilo saba ni za nani? Nimewaona akina mama wamepiga magoti uwanjani, begi wazi, kanga na chupi za watoto ziko sakafuni mbele ya foleni nzima, wanapunguza kilo zao ili kilo za watu zipite. Viatu vya mtoto vinaachwa, dagaa wa jirani wanasafiri.

Mume wangu anabaki kazini, nasafiri na watoto peke yangu. Ni sawa?

Ni sawa. Beba barua yake ya ridhaa iliyogongwa muhuri wa wakili, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Uulizwe, usiulizwe.

Pawabenki niweke kwenye begi kubwa?

La. La. La. Begi la mkononi. Nimeandika mwaka jana na mwaka juzi. Betri ikishika moto kwenye begi la mkononi itaonekana na itazimwa; chini kwenye mizigo hakuna wa kuiona. Yenye 20,000 mAh kwa kawaida inapita, zile kubwa kama tofali ziacheni nyumbani.

Tunatua Muscat saa tatu asubuhi. Tumepanga kukodi gari na kwenda moja kwa moja Salalah ili tusipoteze siku. Ni wazo zuri?

Ni wazo baya kuliko yote niliyopokea mwezi huu, na nimepokea mengi.

Kutoka Muscat mpaka Salalah ni kama kilomita elfu moja. Sehemu kubwa ni jangwa lililonyooka, na dereva wenu ni mtu ambaye hakulala, anayeendesha upande wa kulia wa barabara kwa mara ya kwanza maishani. Usiku ngamia huvuka wanavyotaka. Mkifika milima ya Dhofar, karibu na Salalah, ukungu ni mzito mpaka mtu haoni boneti ya gari lake.

Hamtaki kupoteza siku, lakini siku ya safari imeshapotea tangu mlipofunga mabegi. Ikubalini. Laleni Muscat, kesho yake pandeni ndege ya ndani, ni saa moja na nusu hivi.

Ila nawasifu kwa kuchagua Salalah. Muscat mwezi huu inapita nyuzi arobaini, Salalah ni ishirini na kitu, manyunyu, milima ya kijani. Wao huuita msimu huo khareef, na huuhesabu kuanzia Juni 21 mpaka Septemba 21. Ukiuliza kwa nini kuna mvua huko tu, jibu ni kusi. Upepo ule ule unaopuliza kwetu sasa hivi, uliokuwa ukipeleka majahazi ya Unguja Uarabuni, ndio unaofika pale na ukungu wa bahari na kugongana na milima ya Dhofar. Kando ya barabara wanauza madafu, ndizi na mapapai. Watoto wenu watauliza kama mmewarudisha Bagamoyo.

Hili hamkuliuliza: msiwapeleke watoto karibu na maji. Bahari ya kule msimu huu haiogeleki. Julai 2022 pale ufukwe wa Mughsail wimbi lilisomba familia ya watalii, watoto wakiwemo, waliosogea kupiga picha. Mkikuta kizuizi, simameni nyuma yake.

Jioni ya kwanza tuwapeleke watoto soko la Mutrah, halafu Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, halafu tule kwa shangazi?

Chagueni shangazi. Msikiti huwapokea wageni wasio Waislamu asubuhi tu, saa mbili mpaka saa tano, na Ijumaa hawapokelewi. Mutrah haihami, nendeni jioni ya pili.

Nikuambie jioni ya kwanza ilivyo. Mlango wa uwanja unafunguka, joto linakukumba usoni kama umeinamia sufuria la pilau, miwani inafunga ukungu, huoni. Mtoto mdogo anataka kurudi ndani kwenye kiyoyozi. Mnafika nyumbani, kila mtu ana usingizi na hakuna anayelala. Saa zenu ziko nyuma saa moja, zisogezeni.

Na hapa sikilizeni vizuri, maana hakuna anayewaambia: kabla ya kumwogesha mtoto, jaribu maji ya bomba la baridi kwa mkono wako. Matangi yako juu ya paa, jua limeyapiga kutwa nzima, yanatoka ya kuunguza. Wenyeji huzima hita na kutumia maji yaliyopoa humo ndani, kwa hiyo wakati wa joto bomba la moto ndilo la baridi. Mwanangu wa pili alilia kabla mimi sijaelewa.

Mle mapema. Mkitoka baada ya Isha kununua mishkaki ya barabarani, na mtaipata, kwa jina hilo hilo, washikeni watoto mikono. Magari yanatokea kushoto, na wao wamezoea kutazama kulia kwanza.

Nimeona mtandaoni chumba 18.500. Ni riali elfu kumi na nane?

Ni riali kumi na nane na baisa mia tano, yaani kumi na nane na nusu. Riali moja ina baisa elfu moja, ndiyo maana nukta inafuatwa na tarakimu tatu. Sisi tuliozoea maelfu tunaisoma vibaya, wengine wakazimia, wengine wakadhani ni rahisi. Riali moja ni takriban dola 2.60 na imekaa hapo tangu 1986. Shilingi piga hesabu mwenyewe, umekaa chini.

Je, nitapata watu wa kuongea nao Kiswahili?

Utapata zaidi ya unavyotaka. Wengi waliohama Zanzibar baada ya 1964, na wale Sultan Qaboos aliowaita warudi kuanzia 1970, waliondoka na lugha, na wajukuu wao wanaisikia nyumbani. Kuendesha teksi kule ni kazi ya Waomani wenyewe. Kwa hiyo ile tabia ya kukaa kiti cha nyuma na kumsema dereva, "huyu naye anatuzungusha", iacheni Dar. Dada mmoja alimsema hivyo kuanzia uwanjani mpaka Ruwi. Walipofika, dereva akamshushia mabegi, akamwambia: "Karibu sana, dada. Njia fupi imefungwa."

Mama, nikirudi nikuletee nini?

Ubani wa Hojari, robo kilo. Na uupakie mwenyewe.