Mchungaji anataka pesa yote ya mnada wa kwanza, nikikataa nimemuasi Mungu?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi ni mama naishi huku Newala, nasali kwenye kanisa dogo la kiroho. Korosho zangu zimeuzwa mnada wa kwanza na hela imeshaingia benki. Sasa mchungaji alitangaza kwamba pesa yote ya mnada wa kwanza ni malimbuko, yani sadaka ya mazao ya kwanza, iletwe madhabahuni bila kuguswa, na mimi nina mama yangu mzazi ndani anasubiri kupasuliwa mtoto wa jicho, hela hiyohiyo ndo nilikuwa naitegemea. Nilimfuata nikamweleza, akasema asiyemtii mtumishi anajifungia mbingu mwenyewe, akaniambia nifunge na kuomba mpaka moyo ukubali. Nimefunga, nimeomba, moyo haujakubali. Je mi ni muasi?
Mama wa Newala

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza.

Nianze na mama. Mpeleke akatibiwe. Hilo wala halikuhitaji mfungo, lilishajibiwa zamani. Fungua Marko 7 kuanzia mstari wa 9, Yesu aliwakuta walimu wa dini wanafundisha kitu kilekile, mtu akishasema mali yangu ni Korbani, yani wakfu kwa Mungu, basi hana tena wajibu wa kumsaidia baba yake wala mama yake, na Yesu akawaambia usoni kwamba wanalitangua neno la Mungu kwa mapokeo yao. Walikuwa na vyeo hao, Torati wameishika mkononi, na bado wakakosea kwenye jambo la mzazi. Na Paulo nae anamwandikia Timotheo kwamba asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani (1 Timotheo 5:8), maneno makali sana hayo.

Afu hayo malimbuko yenyewe. Kumbukumbu la Torati 26 inasema mtu achukue sehemu ya mazao ya kwanza ya ardhi yake, aitie kapuni, ampelekee kuhani. Sehemu, tena kwenye kapu. Na mstari wa 11 unamalizia kwamba baada ya hapo afurahie mema yote aliyopewa na Mungu, yeye na nyumba yake na Mlawi na mgeni. Yani sadaka ile ilikuwa inaishia kwenye furaha ya nyumba nzima, haikuwa inaacha bibi kizee haoni mlango uko wapi. Mi sisemi usitoe, mwanangu toa, tena toa vizuri, nyie mnajua wenyewe kwamba makanisa mengi ya vijijini huku kwetu bati na saruji vinanunuliwa msimu wa korosho, ukipita umepita mpaka mwakani. Lakini Paulo kwa Wakorintho kaweka wazi kila mtu atoe kama alivyokusudia moyoni mwake, si kwa huzuni wala kwa lazima (2 Wakorintho 9:7). Kiwango kinapangwa na wewe na Mungu wako.

Sasa twende kwenye utii, maana najua hapo ndo panakunyima usingizi. Andiko wanalolitumia sana ni Waebrania 13:17, watiini wenye kuwaongoza na kuwanyenyekea, na ni andiko la kweli, mi siwezi kulipunguza. Ila lisome mpaka mwisho, linasema wao wanakesha kwa ajili ya roho zenu kama watu watakaotoa hesabu. Kwahiyo anayetiiwa ni mtu mwenye hesabu ya kutoa kwa aliye juu yake, na kazi yake ni kukesha kwa ajili ya roho yako. Akikuambia acha ugomvi na jirani, rudi kwenye ibada, msamehe mume wako, hapo anakesha, mtii hata kama inauma. Akitia mkono kwenye dawa ya mama yako, hapo ametoka kwenye eneo alilopewa. Na ukishuka mstari mmoja tu, ule wa 18, huyohuyo aliyesema watiini anasema tuombeeni! Jamani hii mistari miwili tunaitenganishaje? Kiongozi anayedai utii ndo huyohuyo anayeomba kuombewa, kwasababu nae ni mtu, anaweza kuteleza, anaweza kubanwa na madeni ya kanisa akaona njia ni moja tu. Mimi naamini kabisa kanisa ambalo washirika wanamtii mchungaji na hawamuombei wala hawamuulizi kitu, linamuangamiza mchungaji mwenyewe.

Kuhusu maombi yako. Umeambiwa uombe mpaka moyo ukubali, kumbe jibu lilishapangwa na mtu, wewe kazi yako ni kuusukuma moyo tu. Maombi ya namna hiyo yanachosha na hayana faida. Bwana wetu pale Gethsemane alimwambia Baba wazi kikombe hiki kiniepuke, akasema na la moyoni, ndipo akayakabidhi mapenzi yake kwa Baba. Na wewe sema hivyohivyo, Mungu mama haoni, hela ni hii, mchungaji kasema hivi, nifanyeje. Ila pia usichukue huo moyo kukataa ukaufanya ndo sauti ya Mungu moja kwa moja, maana moyo saa ingine unakataa kwa uchoyo tu. Upime kwa Neno. Watu wa Beroya waliyachunguza maandiko kila siku waone kama anayohubiri Paulo ndivyo yalivyo (Matendo 17:11), na wakaitwa waungwana kwa hilo, hakuna aliyewaita waasi.

Watakuambia usimguse masihi wa Bwana, yani aliyepakwa mafuta na Mungu, wakimaanisha mchungaji. Zaburi 105 pale inazungumzia wafalme waliokatazwa kuwadhuru wazee wetu kina Ibrahimu walipokuwa wachache na wageni, haizungumzii muumini anayeuliza swali. Na Daudi, aliyekataa kabisa kumuua mfalme Sauli aliyekuwa anamwinda, alisimama nje ya pango akampazia sauti akamuonyesha kosa lake mbele ya watu (1 Samweli 24), na baadae Sauli alipomwambia rudi mwanangu, Daudi akaenda zake. Alimheshimu na hakurudi, vyote viwili.

Kwahiyo fanya hivi. Weka pembeni hela ya mama kwanza, afu chukua ulichokusudia kwa furaha ukipeleke. Nenda kamuone tena mchungaji, safari hii na mzee wa kanisa mmoja au mama mtu mzima anayeheshimika, msomee Marko 7 kwa upole, usipandishe sauti na usilitupe kwenye grupu la WhatsApp kabla hujaongea nae. Akitishia laana soma Mithali 26:2, laana isiyo na sababu haimpigi mtu. Na kila jioni mtaje kwa jina kwenye maombi. Akiendelea kukutenga, tafuta kanisa jingine bila matusi, hujamuasi Mungu.

SWALI: Mwalimu mi kijana wa Lindi mjini. Mchungaji kanitoa uongozi wa kwaya kampa mwenzangu, kasikia nadharau watu kitu ambacho si kweli. Naomba kila siku Mungu anitetee lakini kimya. Niache kwaya?

JIBU: Usiache. Kusimamisha na kubadilisha viongozi wa kwaya ni kazi ya mchungaji, hapo mtii hata kama kakosea. Kuhani Eli alimwona mama mmoja, Hana, anasali midomo inacheza akasema huyu kalewa, na Hana hakuondoka kwa hasira, alimjibu kwa adabu, hapana bwana wangu, mimi ni mwenye roho ya huzuni, na Eli yuleyule ndo akamwambia enenda kwa amani na Mungu akujalie (1 Samweli 1). Nawe kamweleze mchungaji ukweli mara moja, kwa maneno machache, ukimaliza nyamaza. Kwenye maombi punguza kidogo hayo ya nitetee, muombee na huyo aliyechukua nafasi yako awe na sauti na hekima. Mazoezi yajayo wahi mapema, ukamsaidie kupanga viti na kugawa vitabu.